MAJI UNAYAONA, LAKINI NA MAMBA YUPO



Ndugu zangu katika imani, kila mtu anajua kuwa asiyepata maji anatayamamu. Swali ninaloulizwa sana ni hili: anayeyaona maji kwa macho yake, naye anaruhusiwa?

Sisi watu wa Kisaki tunaishi mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Tembo tunawajua wanapokuja kula mahindi yetu, lakini wachache tumekwenda kuwatazama kwao. Kiangazi kilichopita tukajichanga, tukaenda kulala huko siku mbili: mama yangu mzazi, mke wangu, watoto na wajukuu. Hema tulipiga karibu na Ziwa Tagalala. Wakati huo vijito vimebaki mchanga mtupu, nyasi zimekauka, na wanyama wanakusanyika penye maji.

Jioni gari likachemsha, maji mengi tuliyobeba yakaishia kwenye rejeta. Tukabaki na kidumu kimoja cha kunywa na kupikia uji wa watoto.

Alfajiri mama akachukua kopo, akaanza kushuka ziwani. Askari wa hifadhi aliyekuwa akitulinda akamzuia: "Bibi, hapo pana mamba. Na viboko saa hizi ndiyo wanarudi majini."

Mama akanigeukia, machozi yanamlengalenga. "Mwanangu, umri wote huu sijaswali kwa vumbi huku maji nayaona. Basi nipe hayo ya kwenye kidumu."

Nikamwambia: Mama, maji ya kidumu yana haki ya kiu. Wanachuoni wetu wamesema maji yanayohitajiwa kwa kunywa, hata na mnyama uliye naye, hayatawadhiwi. Na maji ya ziwani, ikiwa kuyafikia ni kuhatarisha nafsi kwa adui au mnyama mkali, hukumu yake ni kama hayapo. Aliyekuamrisha kutawadha ndiye aliyekukataza kujitia katika maangamizi.

Nikamkumbusha bibi Aisha (r.a.). Msafara wa Mtume (s.a.w.) ulisimama jangwani mahali pasipo na maji kwa sababu ya kutafuta mkufu wake uliopotea. Watu wakalalamika, baba yake akamkemea. Allah akateremsha aya ya tayamamu, na mkufu ukaonekana chini ya ngamia. Mama, ruhusa hii ilianzia kambini, kwa watu waliolala nje kama sisi.

Mama akanyamaza. Kisha akaweka kopo chini, akatafuta udongo mkavu ulio safi, tukaswali jamaa huku viboko wanakoroma.

Ndugu zangu, nimeandika haya kwa sababu wapo wanaoacha swala kabisa kwa kudharau ruhusa hii. Mgonjwa amelazwa, daktari amemkataza kulowesha kidonda, anasema "nitaswali nikipona." Wengine hawaponi. Atajibu nini? Amr bin Al-Aas (r.a.) aliamka na janaba usiku wa baridi kali vitani, akahofia kuoga kutamuua, akatayamamu na kuswalisha wenzake. Alipomweleza Mtume (s.a.w.) hoja yake, Mtume alicheka, hakumkemea. Mwenye kuona ruhusa ya Mola wake ni ibada pungufu, ajiulize: anamwabudu Allah au anaabudu mazoea yake?

Namna yake kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi:
1. Wakati wa swala uwe umeingia.
2. Tafuta udongo tohara wenye vumbi.
3. Piga viganja mara ya kwanza, weka nia ya kuhalalishiwa swala ya faradhi, pakaza uso wote.
4. Piga mara ya pili, pakaza mikono mpaka viwikoni, wa kulia kisha wa kushoto.
5. Kila swala ya faradhi ina tayamamu yake.

Wafundisheni wazee wetu na wagonjwa majumbani kabla hawajahitaji. Ukienda kumtazama mgonjwa hospitalini, pamoja na chungwa na uji, mbebee udongo safi kwenye kifuko.

Ewe Mola wetu, utupe elimu yenye manufaa, utupokelee swala zetu za maji na za udongo, na uwaponye wagonjwa wetu. Aamiin.

Wallahu aalam.