Lori la majani chai na mzunguko usio na mwanzo

Nilipotea kidogo, kazi zilinibana. Leo niwasimulie jinsi lori la majani chai la huku kwetu Chepseon lilivyonirudisha darasani.

Mama hupeleka majani kwenye kituo ambacho lori hufika mwisho kabisa. Siku nyingine ni saa tatu usiku, majani yameshapata joto ndani ya magunia, karani anayakataa, na jasho la siku nzima linarudi nyumbani. Nikajiambia, si nina digrii ya kompyuta? Nikachora kiwanda na vituo 11, nikaandika programu.

Nilianza kwa kosa la aibu. Nilitafuta mzunguko wa Euler: upite kila barabara mara moja tu, urudi ulikoanzia. Mwaka 1736, kwa madaraja saba ya Königsberg, Euler alionyesha kuwa hauwezekani ikiwa kuna mahali panapokutana njia zenye idadi witiri. Sasa lori lina haja gani na kila barabara? Linataka kila kituo, mara moja. Huo ni mzunguko wa Hamilton, nao hauna kipimo rahisi kama hicho. Mwaka 1972 Richard Karp aliuweka kati ya matatizo 21 magumu, na mpaka leo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kuyatatua.

Bahati yangu vituo ni vichache. Kwa sehemu 12 kuna mizunguko 19,958,400, nikaipima yote. (Zingekuwa 20, ni 60,822,550,204,416,000. Ningezeeka nikingoja.) Mfupi kuliko yote ukapatikana, na mama akabaki wa mwisho!

Mzunguko ukiugeuza, urefu haubadiliki. Hesabu haijali nani anaanza. Ila majani yanajali. Nikamwendea dereva: mzee, leo zunguka huku, kesho kule. Akacheka.

"Kijana wangu, ule mlima wa kutoka mtoni, mvua ikinyesha na lori limejaa, halipandi."

Kumbe grafu yangu ilihitaji mishale, nami nilichora mistari tu. Nimeiongeza, na sipimi kilomita tena, napima saa anazosubiri mkulima wa mwisho. Dereva amekubali tujaribu kugeuza Januari, barabara zikikauka. Mama anauliza kama karani ameambiwa.