Njia ya Matogoro

Sisi watu wa visiwani twaujua mto Ruvuma mwishoni mwake, pale uingiapo Bahari ya Hindi kusini ya Mtwara. Chanzo chake kipo Matogoro, milima iliyo karibu na mji wa Songea. Nami nimeazimia kuivuka kwa miguu. Ramani yanionyesha vilele, njia hainionyeshi. Mvua za huko hunyesha tangu Novemba hata Aprili, basi nimeuchagua Julai. Idhini ya kuingia msitu wa hifadhi nitaiomba. Lakini kabla ya viatu na mkoba, namtafuta mwenyeji. Njia isiyopitwa hufutika, na aijuaye ni yule aliyefuata nyayo za mzee wake. Asipopata wa kumfuata yeye, milima itabaki, mto utatushukia, ila njia haitakuwapo.