Mwizi Aliye Chini ya Sakafu

Nyumba nyingi za vijijini siku hizi zina sakafu ya saruji, na baadhi zimeingiziwa maji ya bomba mpaka jikoni. Ni jambo la kushukuru. Mama aliyekuwa akiamka alfajiri kwenda kisimani sasa anafungua koki tu. Lakini bomba lililofukiwa chini ya sakafu likipasuka hakuna alionaye. Maji hupotea usiku na mchana, na mwenye nyumba hulipa. Ndugu wasomaji, nataka kueleza jinsi ya kumtambua mwizi huyo, maana nimeona nyumba moja ikikaribia kuvunjika kwa ajili yake, wala sisemi kuta peke yake.

Mimi ni karani wa parokia hapa Kabasa, wilaya ya Bunda. Kazi ya karani si vitabu vya ubatizo na ndoa tu. Watu huleta barua wasomewe, na malalamiko waandikiwe. Basi mama mmoja mjane alikuja na ankara ya maji. Alizoea kutumia yuniti 4 au 5 kwa mwezi, na sasa zimeandikwa 13. Alitaka niandike barua kali kwa wenye maji. Tena akasema kwa sauti ndogo kwamba anamshuku mjukuu wake, kijana wa darasa la sita, kuwa huwauzia watu maji yeye akiwa shambani. Alikwisha kumchapa, na alikusudia kumrudisha kwa baba yake.

Nikamwambia, “Mama, barua nitaandika, lakini kwanza tuiulize mita.”

Kuiuliza mita hakuhitaji fundi. Usiku, watu wakiisha kuoga na kuchota maji ya kutumia, funga koki zote. Soma tarakimu za mita, uziandike. Asubuhi, kabla mtu hajagusa koki, soma tena. Tarakimu nyeusi huhesabu yuniti, na kila yuniti ni lita 1,000. Nyekundu huonyesha sehemu za yuniti. Kwa mama huyo, toka saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, mita ilipanda lita 120, na watu wote walikuwa wamelala.

Nilisomea ualimu, kwa hiyo hesabu iliyobaki nilimpa kijana mwenyewe aifanye. Lita 120 kwa saa 10 ni lita 12 kila saa. Kwa siku ni 288. Kwa siku 30 ni lita 8,640, yaani ndoo 432 za lita 20. Bibi yake alitazama daftari, akanyamaza. Kisha akamwomba mjukuu wake msamaha mbele yetu, na habari ya kumrudisha kwa baba yake ikaishia hapo. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Lakini ni vema kujua kwanza nani ashikaye shoka.

Baada ya hapo ndipo hutafutwa mahali penyewe. Funga koki iliyo pale maji yaingiapo nyumbani. Mita ikiendelea kuzunguka, tundu liko njiani kati ya mita na nyumba. Ikisimama, tundu limo ndani. Angalia kwanza tangi la choo na tangi la juu, maana mara nyingi boya halifungi sawasawa. Vikiwa vizima, tazama chini: rangi inayobanduka mguuni pa ukuta, ufa mpya sakafuni, majani mabichi kando ya msingi wakati wa kiangazi. Usiku wa kimya, weka sikio sakafuni. Maji yatokayo kwa nguvu huvuma kama nyoka. Kwa mama huyo majani yalikuwa nyuma ya jiko, na mvumo ulisikika papo hapo.

Pengine mtu atasema, maji kidogo yana hasara gani, nasi tu jirani na Ziwa Viktoria? Hasara ni tatu. Ya kwanza ni fedha. Ya pili ni nyumba: udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, nao hupasua kuta, na udongo wa kichanga huchukuliwa na maji, sakafu ikabaki juu ya shimo. Ya tatu ni afya. Maji yakikatika, lile tundu lililokuwa likitoa maji laweza kuvuta uchafu wa udongoni, pengine na wa shimo la choo, ukaingia bombani. Kuhara na homa ya matumbo huweza kupita njia hiyo.

Fundi wa kwanza alitaka kuvunja sakafu ya jiko na ukumbi mzima. Wa pili alikuwa na busara zaidi. Alilikata bomba la zamani, akaliziba pande zote mbili, akapitisha jipya nje kando ya ukuta mpaka jikoni. Sakafu haikuguswa. Kisha maji ya kwanza yalimwagwa, na usiku ule mita ilisomwa tena. Haikusogea.

Nanyi mnaojenga sasa, msikubali kiungo cha bomba kifichwe chini ya zege. Bomba lilazwe juu ya mchanga, lisilale juu ya mawe, na pale lipitapo msingini livikwe bomba kubwa zaidi. Lijazwe maji na kupimwa kabla zege halijamwagwa. Chora ramani ya njia yake, uitunze pamoja na hati za kiwanja.

Kwa kawaida, maji yakivuja kabla ya mita, hilo ni la wenye maji, nawe wapelekee habari upesi: vijijini ni chombo cha watumia maji, ambacho tangu 2019 kiko chini ya uangalizi wa RUWASA. Yakivuja baada ya mita, mzigo ni wako.

Basi, baba na mama, chagueni usiku mmoja kila mwezi, mwaiteni watoto, msome mita pamoja. Kalamu na karatasi ni senti chache. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta hujengwa upya kwa saruji, bali mtoto aliyeitwa mwizi bure hatengenezwi na fundi yeyote.