Mama Analala Wapi?

Mtoto akizaliwa kabla ya miezi kutimia, anapewa inkubeta, mrija wa chakula na namba ya faili. Mamake anapewa karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Nyumbani kwa dadangu ni Mwingi. Hospitali iko Nairobi. Mtoto, kilo 1.4, alikuwa anakula kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na chakula chenyewe kiko kifuani mwa mtu ambaye ameshaambiwa kitanda chake kinahitajika. Nesi hakusema kwa ubaya. Wodini akina mama walikuwa wanalala wawili wawili, angefanyaje?

Kwangu ni Kayole, chumba kimoja, friji sina. Nilimwambia aje tu. Usiku huo tukapiga hesabu: matatu ya mwisho, matatu ya kwanza, na katikati saa nyingi za mtoto kukaa bila maziwa. Hesabu ilikataa. Kesho yake akalala kwenye benchi la korido na leso mbili, pamoja na wengine watano waliopiga hesabu hiyohiyo. Hao ndio walimfundisha kukamua kwa mkono, maji moto yanapatikana wapi, na ni soja yupi hafukuzi watu.

Kinachoniuma ni kwamba tiba yenyewe inamtaka mama. Mwaka wa 1978, huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto kama hawa vifuani mwa mama zao, kwa sababu inkubeta hazikutosha. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza ngozi kwa ngozi kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku. Sasa saa hizo zote mama akae wapi? Marekani kuna waliojibu kwa kujenga: Ronald McDonald House ya kwanza ilifunguliwa Philadelphia mwaka wa 1974, familia zilale karibu na watoto wanaotibiwa.

Sisi tulikuwa na shangazi. Wa mbali, upande wa nyanya. Mara ya mwisho tulionana matangani. Kwake ni dakika kumi kwa mguu kutoka hospitalini. Hakuuliza mengi. Alitandika godoro, akajaza uji kwenye chupa ya chai, akampa dadangu ufunguo. Siku 23. Mimi nikilipwa makala, namtumia ya unga na tokeni za stima.

Mtoto alitoka na kilo 1.9. Karatasi za hospitali zinataja oksijeni, dawa na maziwa ya mama. Godoro halijaandikwa popote.