Mizani 15

Neno kishikwambi lilinipendeza tangu siku niliyolisikia. Lina mshiko wa kiganja ndani yake, na ulimi hauoni taabu kulitamka. Sensa ya 2022 ilipokwisha, serikali ya Tanzania iligawa vishikwambi kwa walimu, na neno likasambaa pamoja na kifaa. Sisi wapenzi wa lugha tulifurahi. Lakini jina la kifaa ni jambo moja, na sauti itokayo ndani yake ni jambo jingine.

Mwaka jana nilialikwa kufundisha ushairi katika shule moja ya sekondari ambamo wanafunzi wasioona husoma pamoja na wenzao. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akitumia kompyuta yenye programu ya kusoma skrini, maana karatasi za nukta nundu zilikuwa adimu. Nikampa shairi langu la mizani 16 kwa kila mshororo, 8 ukwapi na 8 utao, kina cha mwisho kikiwa "ke". Alisikiliza, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu.

"Samahani, Mwalimu," akasema, "mizani ni 15. Na kina cha mwisho sikisikii."

Nikaomba nisikilize nami. Sauti ilikuwa ya Kiingereza. Neno "wake" lilitamkwa kana kwamba ni lile la Waingereza lenye maana ya kuamka: silabi moja tu, irabu ya mwisho imemezwa, na kina kimekwenda nayo. Msichana alikuwa amehesabu sawasawa kile alichopewa.

Kilichonikera ni wepesi wa dawa yenyewe. NVDA, programu ya kusoma skrini isiyouzwa, huja na sauti za eSpeak NG, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Ni kufungua mipangilio na kuchagua. Aliyeziandaa kompyuta zile hakuchagua. Nadhani hakuwaza kwamba asiyeona naye ana somo la Kiswahili, kwa kuwa masomo mengine ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Tukabadilisha. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya bati, ambayo malenga yeyote angeifukuza jukwaani, lakini "mtoto" akawa na silabi zake tatu, na "ng'ombe" zake mbili. Akahesabu tena: 16.

Hapo akataka mashairi mengine. Diwani nilizokuwa nazo katika kompyuta yangu ni picha za kurasa, na mbele ya picha za namna hiyo programu ile haina cha kusoma. Kwa hiyo jioni hizi ninazichapa upya, ubeti kwa ubeti, nikichunga kila ritifaa. Nimemaliza moja. Tayari ameshaniuliza ya pili itafika lini.