Kikifa Mikumi

Petroli haiwaki vizuri peke yake. Inataka hewa, na inaitaka kwa kipimo. Vitabu vinataja gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, kiasi ambacho vyote viwili vinaungua bila kimoja kubaki. Ukitaka nguvu unaongeza petroli, hewa inashuka hadi gramu 13 au 12 na nusu. Petroli ikipungua kupita kiasi injini inapata joto, inasita, inamisi. Kifaa nilichokuwa nakitafuta kilikuwa na kazi ndani ya pengo hilo dogo tu, na kukichagua kulinichukua miezi mitatu.

Pikipiki yenyewe ni Honda CRF250L, silinda moja, injini ya kupozwa kwa maji, isiyo na kabureta. Niliinunua kwa mtu ikiwa imeshabadilishwa. Sailensa ya kiwandani ilikuwa imeondolewa na kuwekwa nyingine nyepesi isiyobana moshi, na mdomo wa sanduku la chujio la hewa ulikuwa umekatwa ili injini ivute zaidi. Vile vya awali hakuwa navyo tena. Angekuwa navyo, ningevirudisha siku ileile na habari ingeishia hapo.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu wakulima wa viazi mviringo mkoani Njombe, na chuo kipo Dar es Salaam. Katikati yake kuna zaidi ya kilomita 700 za barabara, na ndani ya hizo kuna Kitonga. Aliyepita kwa basi anaikumbuka kwa madirisha: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu. Kwenye pikipiki unaikumbuka kwa malori. Mizigo ya Zambia na Kongo inapanda mwendo wa mtu anayetembea, kona hadi kona. Ukiona matawi ya mti yametandazwa lami unajua mbele kuna lililokwama. Huwezi kukaa nyuma ya moshi ule hadi Ilula. Unangoja kipande kilichonyooka, unazungusha mkono wa mafuta, unapita.

Hapo ndipo pikipiki yangu ilipokuwa inasita. Si kuzima. Ni pumzi moja tu, labda nusu sekunde, unazungusha mkono na injini haijibu, halafu inajibu ghafla. Mjini unaizoea. Ukiwa sambamba na gurudumu la nyuma la trela, huku kona inakuja, nusu sekunde ni ndefu.

Sababu yake si siri. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi wanaiita kontroo boksi, haipimi petroli wala haina njia ya kuonja mchanganyiko kabla haujaungua. Inasoma kasi ya injini, shinikizo na joto la hewa, na kiasi ambacho mkono wa mafuta umefunguliwa, kisha inaangalia jedwali lililoandikwa kiwandani: katika hali hii, fungua injekta kwa muda huu. Jedwali hilo liliandikwa kwa sailensa ile na chujio lile. Ukizibadilisha, injini inapumua tofauti na jedwali halina habari.

Lipo jicho moja linaloweza kugundua: kihisi cha oksijeni kwenye bomba la moshi. (Mjomba wangu anakiita sensa, nami kila akisema hivyo namwona karani wa 2022 mlangoni na kishikwambi chake.) Kihisi hiki kinatoa umeme kidogo sana, karibu volti 0.1 petroli ikipungua na karibu 0.9 ikizidi. Kinajua imepungua au imezidi. Hakijui kwa kiasi gani. Kompyuta inaongeza kidogo, inapunguza kidogo, ikizunguka palepale kwenye 14.7, lakini inafanya hivyo unapokwenda mwendo wa utulivu. Ukifungua mafuta kwa ghafla inaacha kukisikiliza na kurudi kwenye jedwali. Na ni wakati huohuo ambapo petroli inahitajika zaidi, kwa sababu hewa inakimbilia ndani mara moja wakati sehemu ya petroli imebaki imenata kwenye kuta za njia yake.

Nilipoyaelewa haya, nusu ya vifaa vinavyouzwa vilijiondoa vyenyewe. Kipo kinachodanganya kihisi cha joto: kinaiambia kompyuta kwamba hewa ni baridi kuliko ilivyo. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo kompyuta inaongeza petroli. Uongo wa nyuzi 20 unazaa nyongeza ya karibu asilimia 6 au 7. Ni rahisi, ni cha bei nafuu, na hakina cha kurekebisha. Lakini kwenye mwendo wa utulivu kihisi cha oksijeni kinaona petroli imezidi na kompyuta inairudisha chini. Wanaopenda kifaa hiki wanasema hiyo ndiyo sifa yake. Mimi sikupenda kuongezewa kiasi kilekile kila mahali wakati shida yangu ilikuwa mahali pamoja.

Upande wa pili kabisa ni kubadilisha kompyuta nzima, au kuongeza kihisi cha oksijeni cha masafa mapana kinachojua kiasi na kuandika jedwali jipya chenyewe unapoendesha. Nilikitamani hiki. Mwanafunzi anayeshinda na takwimu hawezi kutokukitamani: kila safari ni data, kila kona ina mstari wake. Katikati kuna vifaa vya aina ya Power Commander, ambavyo vinakaa kati ya kompyuta na injekta na kuongeza au kupunguza kwa asilimia, kisanduku kwa kisanduku, kwa kutumia kompyuta mpakato. Na kuna ndugu zake wadogo wenye vitufe na taa tu: taa za mwendo wa utulivu, taa za kuongeza mwendo, taa za mafuta yote. Unabonyeza, unaongeza, unaondoka.

Nikampelekea mjomba orodha. Ana gereji ndogo Tandika na ametengeneza pikipiki tangu kabla sijazaliwa. Tunaitana mjomba sisi kwa sisi, kama ilivyo, hivyo anayetusikiliza hupata shida kujua nani anamfundisha nani. Alifunzwa kazi enzi za kabureta na petroli yenye madini ya risasi. Alikuwa akifungua plagi na kuisoma: nyeusi, petroli imezidi, nyeupe kama chaki, imepungua, rangi ya kahawia, funga twende. Baada ya Azimio la Dakar la 2001, nchi za Kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi, na mwanzoni mwa 2006 ilikuwa imetoka. Tangu hapo, anasema, plagi zinaongea kwa kunong'ona. Bado anazifungua.

Alivaa miwani, akasoma orodha yote, akanirudishia.

"Sasa mjomba, hivi vyote vinafanya kazi?"

"Vinafanya, mjomba. Tofauti ni usahihi."

"Hiki cha kubadilisha kompyuta. Kikifa Mikumi saa moja usiku?"

Sikuwa nimejiuliza hilo. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50. Mchana unaona twiga na nyati pembeni, na mwendo unapunguzwa kwa sheria, na faini ya kugonga mnyama inategemea umegonga nani. Usiku huendi kwa pikipiki kama una akili, lakini pikipiki ikifa jioni haikuulizi. Simba wa Mikumi si wa kwenye kalenda.

"Nitapiga simu," nikasema.

"Utampigia nani? Mimi? Niko Tandika."

Kisha akaanza kuuliza swali hilohilo kwa kila kifaa. Cha joto kikifa? Kompyuta inakosa habari ya hewa, inakisia, unafika. Kompyuta mpya ikifa? Unasukuma. Kinachokaa kati ya kompyuta na injekta? Hapo alinyamaza, akaniomba mchoro wa waya. Kifaa kina soketi mbili, moja inaingia ilipokuwa injekta, nyingine inapokea waya wa injekta. Zile mbili za kiwandani zenyewe zinaoana. Ukikitoa katikati, zinarudi kukutana kama vile hakikuwahi kuwepo.

"Basi hiki kina mlango wa kutokea," akasema mjomba.

Nilibishana naye, na bado naamini nilikuwa na hoja. Kifaa chenye kujipimia kingenipa ukweli. Cha vitufe kinanipa makisio yangu mwenyewe yenye taa. Nilimwambia huwezi kuchagua dawa kwa kuangalia tu ni rahisi kiasi gani kuitapika. Akacheka hadi akavua miwani. Akasema dawa unameza ukiwa kitandani.

Swali lake la pili lilikuwa zuri zaidi na lilinilazimisha kukaa chini na kalamu. Enzi zake, pikipiki iliyorekebishwa Dar ikipelekwa Njombe ilikuwa inatoa moshi mweusi, kwa sababu karibu mita 2,000 juu ya bahari injini inavuta hewa pungufu kwa takriban moja ya tano, huku jeti ya kabureta ikimwaga kana kwamba bado iko Tandika. Kompyuta inasoma shinikizo na kupunguza yenyewe. Je, kifaa kitaharibu hesabu hiyo? Inategemea kinaongeza vipi. Tuseme injekta inafunguka milisekunde 5 pwani na 4 Njombe. Nyongeza ya asilimia 6 inabaki asilimia 6 kote. Lakini nyongeza isiyobadilika ya milisekunde 0.3, ambayo ni asilimia 6 pwani, inakuwa asilimia 7.5 mlimani. Si janga. Ni kitufe kimoja kushusha ukifika, na kitufe unaweza kukibonyeza ukiwa umesimama kando ya barabara bila kufungua kompyuta mpakato kwenye vumbi.

Tukaagiza cha vitufe. Kilikuja kwenye begi la mtu aliyesafiri, na kilikuwa kidogo kuliko pakiti ya sigara.

Mjomba alikifunga kwa mikono yake, akazungushia soketi mpira wa tairi la ndani dhidi ya maji, akakiweka chini ya kiti. Taa za mwendo wa utulivu tuliziacha chini kabisa, kwa kuwa kihisi cha oksijeni kinajua kazi yake pale. Za mafuta yote tulipandisha kidogo. Za kuongeza mwendo ndizo tulizohangaika nazo, barabara ya Kilwa asubuhi ya Jumapili, kupanda na kushuka: hatua moja, bado inasita, mbili, inasita kwa mbali, tatu, safi, nne, nzito, inabubujika kama mtu aliyelishwa ugali kwa nguvu. Tukarudi tatu. Mjomba akafungua plagi, akaiangalia kwenye mwanga, hakusema kitu, akaifunga.

Lakini hakuniachia niondoke. Alitaka nikitoe kile kifaa gizani. Tulingoja usiku uingie, akazima taa ya gereji, akaniambia kiti kimefungwa, spana iko mfukoni, simu imekufa chaji, anza. Mara ya kwanza nilitumia dakika sita na nikadondosha bolti. Alinirudishia hadi dakika mbili. Vijana wa gereji walikuwa wamekaa kwenye makopo ya oili wanahesabu kwa sauti.

Wiki iliyofuata nilitoka alfajiri, Mikumi nikaipita jua likiwa juu, nikanywa chai Ruaha Mbuyuni kati ya magunia ya vitunguu. Kitonga ilikuwa na matawi kwenye kona ya tatu na malori manne nyuma yake. Kipande kiliponyooka nilizungusha mkono. Injini ilijibu palepale, na nikaona kwa kioo lori la nne likibaki nyuma mapema kuliko nilivyozoea.

Njombe nilifika na baridi, vidole havikunji. Nilisimama kwenye kituo cha mafuta, nikafungua kiti, nikashusha taa za kuongeza mwendo kutoka tatu hadi mbili. Mjomba alipiga simu. Hakuuliza Kitonga ilikuwaje. Aliuliza plagi ina rangi gani, nami nikamwambia injini bado ya moto, mjomba, nipe nusu saa.