Kopo la Faini

Familia za Wakongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, zilizopokewa hapa Louisville, Kentucky, zilinisikiliza kwa sababu mimi ni mtu wa Kigoma, nimewatangulia kufika, na nina kazi. Ndiyo maana nalisema hili hadharani: niliwashauri vibaya.

Nilikuwa najitolea kuwatembelea wageni wiki za mwanzo, kuwaonyesha basi la kwenda mjini, jiko la umeme, namna ya kuandikisha watoto shule. Hayo nilikuwa nayajua. Ya moyoni yalinishinda, nami sikutaka ionekane yamenishinda. Nilishasoma habari za Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyewahi kufanya utafiti Ankole, Uganda, na ambaye mwaka 1954 alieleza, katika mhadhara huko Rio de Janeiro, mshtuko unaompata mtu ugenini: kwanza anafurahia kila kitu, halafu anavurugika, anapata nafuu polepole, mwisho anazoea. Hatua hizo nikazifanya ratiba. Mtu akilalamika kwamba hapati usingizi, namjibu, “Vumilia ndugu yangu, hiyo ni hatua ya pili.” Lakini Oberg alikuwa akiwafikiria zaidi watu waliokwenda nchi za watu kikazi, wenye kwao pa kurudi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Wapo waliozaliwa humo na kuzalia humo. Wengine hawakuwa hata wakiililia Kongo. Walikuwa wakiwalilia majirani wa kambini.

Lakini hilo lina nafuu. Baya zaidi ni kwamba niliwaambia wazazi wapige marufuku Kiswahili nyumbani ili watoto wawahi Kiingereza. Nyumba moja nilipeleka mwenyewe kopo la kahawa, nikalitoboa kifuniko: anayeteleza anatumbukiza senti 25. Niliporudi nilikuta kopo limejaa nusu. Karibu zote zilikuwa za baba. Watoto walikuwa wakimhesabia kwa sauti, wanacheka, naye anacheka nao huku akiangalia chini. Mama alikuwa akionyesha chumvi kwa kidole. Nilipomuuliza mbona kimya, akanijibu, “Kaka, miye sina feza ya kuongea.”

Nikacheka! Nilidhani ni utani.

Baadaye binti yao wa darasa la sita ndiye aliyekwenda kumkalimania mama yake kwa daktari, maradhi ya kike, mambo ambayo hakupaswa kuyasikia. Mzazi akishageuka wa kusemewa na mwanawe, kumkanya mtoto huyo jioni ni kazi.

Sina kisingizio cha kutojua. John Berry, mwanasaikolojia wa Kanada, nilikuwa nimemsoma pia. Anaandika kwamba kwa kawaida wanaoshika ya kwao huku wakijichanganya na wenyeji hutulia kuliko wanaotupa upande mmoja. Nilimruka kwa kuwa mimi mwenyewe nilishatupa. Miaka ya kwanza nikisikia Kiswahili dukani nilikuwa nageuza toroli, naona haya. Nikawapa wenzangu haya zangu, nikaziita ushauri.

Nimekwenda kuomba radhi kwenye nyumba ninazozikumbuka. Nyingine wamehama, sina namba zao. Kama nilifika kwako na maneno hayo, yaache leo. Zungumza na wanao Kiswahili, Kibembe, chochote unachokiweza vizuri. Kiingereza watakipata shuleni. Na hospitali ukienda, dai mkalimani mtu mzima. Halipwi na wewe.